Mkristo na Silaha ya Kujilinda

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 22:2, 3, Kutoka 21:28–32, Kumbukumbu la Torati 22:8, Ezra 8:21–23, Nehemia 4:7–18, 1 Samweli 25:2–35, Luka 22:35–51, Warumi 12:17–21.

Fungu la kukariri: Zaburi 127:1.

Kwa miaka mingi swali la silaha lilipoulizwa katika makanisa yetu, liliwahusu vijana waliokuwa wakiingia jeshini. Siku hizi linaulizwa na watu wengine. Yuko mwenye duka la jumla anayefunga saa mbili usiku na kurudi nyumbani na mauzo ya siku nzima. Yuko wakala wa fedha za simu, mnunuzi wa mazao anayesafiri na pesa taslimu, na mama mjane anayekaa pembezoni mwa mji katika nyumba iliyokwisha kuvunjwa mara moja. Huja kwa mzee wa kanisa baada ya ibada, watu wakiwa wametawanyika, na kuuliza kwa sauti ya chini: “Mzee, nikinunua bastola nitakuwa nimetenda dhambi?”

Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza ni hili: “Mungu ndiye mlinzi wako, achana na silaha.” Mara nyingi anayelitoa analala ndani ya geti, na getini kuna mlinzi mwenye bunduki. La pili ni hili: “Sheria inaruhusu, wewe nunua tu.” Lakini si kila ambalo serikali imeliruhusu linafaa kwa mwana wa Mungu. Muulizaji anastahili jibu lililo bora kuliko hayo mawili, kwa sababu uhai uko mezani: wake, wa watoto wake, na wa mtu yule anayeweza kuingia kwake usiku.

Juma hili hatutatafuta fungu moja la kumaliza ubishi. Tutaangalia jinsi Maandiko yanavyoupima ulinzi wa mtu, kisha tutauliza ni mtu wa namna gani anayeweza kukabidhiwa chombo cha kuua.

JUMAPILI: Usiku na Mchana

Soma Kutoka 22:2, 3. Kwa nini kuchomoza kwa jua kunabadilisha hukumu?

Sheria hii fupi inafuata karibu sana baada ya Amri Kumi. Mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku, akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, mwenye nyumba anayo hatia. Mwizi ni yuleyule, nyumba ni ileile, na kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni mwanga.

Usiku mwenye nyumba hawezi kujua aliyeingia ni nani, wako wangapi, wala wamekuja kuiba au kuua. Hawezi kuita msaada ukafika kwa wakati. Mchana anaona, anaweza kumtambua mtu, na majirani wako macho. Kwa hiyo mchana mwizi atashtakiwa na kulipa alichoiba. Asipokuwa na kitu, atauzwa kwa ajili ya wizi wake. Uhai wake haulipwi kwa ng'ombe wala kwa mkufu.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, Mungu hamhesabii damu mtu aliyelinda uhai katika hatari asiyoweza kuiepuka. Anayesema kwamba kujilinda kwa namna yoyote ni uuaji ameongeza neno kwenye torati. Pili, mali peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuua. Hata mwizi analindwa na sheria ya Mungu mara tu mwanga unapotosha kumwona kuwa ni mwizi tu.

Sheria za nchi zetu zinafuata njia iliyo karibu na hiyo. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyofuata, inamtambulia mtu haki ya kujilinda, lakini inamfunga atumie nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Anayemfyatulia risasi mtu anayekimbia na televisheni mgongoni hajilindi tena. Analipiza kisasi.

Mwenye bastola basi anachukua mzigo wa kuona. Anapaswa kujua, katika sekunde chache na moyo ukimwenda mbio, kama huu ni usiku au ni mchana. Wako waliompiga risasi mtoto wao aliyechelewa kurudi, au mlinzi aliyekuja kuangalia kelele. Kama hujui aliye mbele yako ni nani, hujapata ruhusa ya kufyatua.

JUMATATU: Ezra na Nehemia

Soma Ezra 8:21–23, kisha Nehemia 2:9 na 4:7–18. Ni nani kati ya watu hawa wawili alimtumaini Mungu zaidi?

Ezra aliposafiri kutoka Babeli kwenda Yerusalemu alikuwa na wanawake, watoto, fedha na dhahabu nyingi. Aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Wakafunga na kuomba kando ya mto Ahava, wakafika salama. Miaka michache baadaye Nehemia alisafiri njia hiyo hiyo. Yeye alisindikizwa na maakida wa jeshi na wapanda farasi, na haoni haya hata kidogo kulitaja jambo hilo. Naye anasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake.

Biblia haimlaumu yeyote kati yao. Haimwiti Ezra mzembe, wala Nehemia haimwiti mwenye imani haba. Kwa hiyo ndugu aliyeamua mbele za Mungu kutomiliki silaha asimhukumu aliyeamua kumiliki, na huyu wa pili asimcheke wa kwanza. Lakini kila mmoja ajiulize kama amefika alipofika kwa maombi. Ezra alifunga kabla ya kuondoka. Nehemia naye, vitisho vya Sanbalati na Tobia vilipozidi, aliomba kwanza, ndipo akaweka walinzi mchana na usiku. Mpangilio huo tusiugeuze.

Angalia pia namna Nehemia alivyojilinda. Kabla ya mtu yeyote kutumia upanga, watu waliziba mahali palipobomoka ukutani, wakapanga zamu kwa jamaa zao, wakaweka baragumu la kuitana. Adui waliposikia kwamba mpango wao umejulikana, shambulio halikuja. Hatusomi kwamba upanga hata mmoja ulitumika, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Anayefikiria bastola aanze hapo. Madirisha yana nondo? Taa ya nje inawaka? Je, ni lazima mauzo yalale nyumbani, au yanaweza kuingizwa benki au kwenye simu kabla ya giza? Je, unarudi kwa njia ileile na saa ileile kila siku, kiasi kwamba kijiwe kizima kinajua ratiba yako? Unawafahamu majirani na viongozi wa ulinzi shirikishi wa mtaa wako? Mtu aliyeacha ukuta wake wazi akaenda kununua upanga hajamfuata Nehemia.

JUMANNE: Ng'ombe Anayejulikana kwa Kupiga Pembe

Soma Kutoka 21:28–32 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Mmiliki anawajibika kwa nini, hata kama hakukusudia mabaya?

Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia ikiwa hakujua. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi yeye naye ana damu mikononi. Vivyo hivyo aliyejenga nyumba yenye paa la kukaliwa aliagizwa kuweka ukuta mdogo pembeni, mtu asije akaanguka akailetea nyumba hatia ya damu. Katika torati, kutokusudia hakukutosha kumwondolea mtu hatia. Aliulizwa alijua nini, na alichukua tahadhari gani.

Bastola ni ng'ombe ambaye kila mtu amekwisha kuonywa juu yake. Hakuna mmiliki atakayesema hakujua. Kwa hiyo tahadhari ni sehemu ya utii wetu kwa amri ya sita.

Tahadhari ya kwanza ni kuipata kwa njia ya haki. Nchini Tanzania umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia kwa viongozi na kamati za usalama pamoja na polisi. Nchini Kenya kibali hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Njia ni ndefu, nayo inachosha. Aliyempa karani kitu kidogo ili aifupishe, au aliyenunua kwa mtu asiyejulikana, ameanza kujilinda kwa dhambi, na silaha hiyo huenda imekwisha kumwaga damu mahali pengine. Leseni inampa mwenyewe peke yake haki ya kuishika. Haiazimwi shemeji anayesafiri usiku, na ikiibwa polisi wajulishwe mara moja.

Ya pili ni kujifunza. Wakufunzi hufundisha kanuni chache ambazo kila mmiliki azishike kama anavyoshika jina lake. Ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, hata kama umeitoa magazini sasa hivi, maana risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Usiuelekeze mdomo wake kwa kitu usichokusudia kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Ujue shabaha yako, na kilicho nyuma yake. Kanuni hii ya mwisho ina uzito katika mitaa yetu, ambako nyumba zimebanana. Risasi hupenya mlango na bati, na nyuma ya bati la jirani kuna kitanda cha mtoto. Asiye tayari kwenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara asinunue.

Ya tatu ni kuitunza. Chini ya mto si mahali pake, wala juu ya kabati, wala kwenye droo ya gari. Watoto wanajua kila kilichofichwa nyumbani kuliko tunavyodhani. Iwekwe ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli imara, na ufunguo usikae mahali ambapo dada wa kazi, mgeni au kijana wa shule anaweza kuufikia. Inapobebwa, ikae mwilini ndani ya mkoba wake uliofunika kifyatulio, chini ya nguo. Isitupwe kwenye pochi pamoja na funguo na simu, wala isionyeshwe kwa watu ili waogope.

Ya nne huwa haisemwi. Silaha nyumbani haiwatishi wezi tu. Ikiwa ndani ya nyumba yuko mtu aliyezama katika huzuni nzito, aliyefiwa, aliyefilisika, au kijana aliyekata tamaa, bastola inaweza kuwa hatari kwake kuliko mwizi yeyote. Mambo mengine humpa mtu nafasi ya kujuta na kuokolewa. Risasi haimpi nafasi hiyo. Katika majira kama hayo ndugu na aikabidhi polisi waihifadhi, na kufanya hivyo si aibu.

JUMATANO: Daudi Anajifunga Upanga

Soma 1 Samweli 25:2–35. Abigaili alimwokoa nani siku ile?

Kwa muda mrefu Daudi na watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali. Silaha zao zilikuwa ukuta kwa wanyonge, usiku na mchana. Siku ya kukata manyoya Nabali akamrudishia matusi. Hapo hakukuwa na uhai uliotishiwa, ni heshima tu iliyoguswa. Lakini Daudi alikuwa na upanga karibu, akawaambia watu 400 wajifunge panga zao. Mlinzi wa asubuhi akawa muuaji wa jioni, akiwa njiani na kiapo mdomoni.

Hasira ilikuwa ya Daudi mwenyewe, lakini upanga uliufupisha mwendo kati ya hasira na damu. Asiye na silaha akitukanwa barabarani atapiga honi, atanung'unika, na kufika nyumbani amesahau. Mwenye bastola kiunoni akitukanwa vilevile ana jambo moja zaidi la kuchagua, na shetani atamkumbusha kwamba analo. Ndiyo maana mwenye kubeba silaha anapaswa kuwa mtu wa mwisho mtaani kugombana. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wa deni, wa maegesho ya gari, wa mke na mume, yote hayo ayaachie njia. Akijua anakwenda kwenye kikao chenye maneno makali, aiache ndani ya kisanduku.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama sheria itakuruhusu, waulize wanaokujua. Mke wako anasemaje juu ya hasira zako? Watoto wakisikia mlango unafunguliwa, wanakimbilia kwako au wanakimbilia chumbani? Mtu anayempiga mkewe hafai kumiliki hata rungu. Daudi alipona kwa sababu alikubali kusimamishwa na mwanamke aliyetoka kumlaki akiwa na mikate na maneno ya hekima, naye akamshukuru Mungu kwa kumzuia na damu. Je, wewe una Abigaili? Na akikuzuia, utamsikiliza?

ALHAMISI: Sikio la Malko

Soma Luka 22:35–51. Linganisha na Mathayo 26:52 na Yohana 18:10.

Wanaoitaka silaha hukimbilia Luka 22:36, ambapo Yesu anamwambia asiye na upanga auze joho lake akanunue. Wasioitaka hukimbilia Mathayo 26:52, ambapo anaagiza upanga urudishwe mahali pake. Yote mawili alisema Bwana yuleyule katika usiku uleule. Wanafunzi walimwonyesha panga mbili, akasema yatosha. Panga mbili kwa watu 11 haziwezi kushinda kikosi. Kristo hakuwa anaandaa vita, na upanga ulipotumika kumtetea yeye, aliukataza.

Mtazame Petro. Aliambiwa aombe, akalala. Alipoamka alipiga kabla ya kusikia jibu la swali waliloliuliza wao wenyewe: “Bwana, tuwapige kwa upanga?” Aliyeumia hakuwa kuhani mkuu aliyepanga njama. Aliumia mtumwa wake. Na kabla ya jogoo kuwika, mwenye upanga huyo aliogopa maneno ya kijakazi. Silaha ilimwongezea fujo, haikumwongezea ujasiri.

Hapa tunakutana na hoja ngumu kuliko zote. Muumini mmoja anaweza kusema: “Mimi nikifa leo ninalala katika Kristo nikingoja ufufuo. Jambazi huyu akifa leo amekufa katika dhambi zake. Heri nife mimi, yeye apate siku nyingine ya kutubu.” Hoja hiyo ina harufu ya Kalvari, maana Bwana wetu aliutoa uhai wake kwa ajili ya wabaya, na mmoja wa wanyang'anyi waliosulubiwa pamoja naye alitubu katika saa zake za mwisho. Anayeamua hivyo juu ya uhai wake mwenyewe tusimwite mjinga.

Lakini uhai ninaoweza kuutoa ni wangu. Uhai wa binti yangu wa miaka sita si mali yangu niutoe. Baba anayesimama kati ya panga la jambazi na mwanawe, akatumia nguvu inayohitajika kulizuia, hajamkana Kristo. Nehemia aliwaambia watu wakumbuke ndugu zao, wana wao, binti zao na wake zao. Kwa hiyo wawili wanaweza kuipima hoja hii na kufikia maamuzi tofauti, kila mmoja kwa dhamiri safi. Kisichoruhusiwa kwa yeyote ni chuki. Anayenunua bastola akitamani siku atakayoitumia, na kuwasimulia marafiki atakavyomfanya mwizi, amekwisha kutenda kosa ambalo Yesu alilitaja katika Mathayo 5:21, 22.

Na baada ya risasi? Yesu aligusa sikio la Malko, akamponya. Hatari ikiisha, mvamizi aliyelala chini anakuwa jirani aliyejeruhiwa. Mfuasi wa Kristo ataita polisi, ataita gari la kumpeleka hospitali, atakaza kitambaa kwenye jeraha kuzuia damu. Na wananchi wenye hasira kali wakifika na tairi na petroli, atasimama mbele yao kwa ujasiri uleule aliosimama nao mbele ya jambazi. Asiye tayari kwa sehemu hii ya pili hajawa tayari kwa ile ya kwanza.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Kanisa letu liliundwa rasmi mwaka 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka uliofuata viongozi waliiomba serikali iwatambue Waadventista kuwa watu wasiobeba silaha vitani. Msimamo huo unaendelea kupendekezwa kwa waumini, huku kila mmoja akiachiwa dhamiri yake. Mwaka 1990, wakati wa mkutano mkuu wa Indianapolis, kanisa lilitoa tamko la kupinga kuuziwa raia silaha za kivita.

Desmond Doss, Mwadventista aliyehudumu kama tabibu katika jeshi la Marekani, alikataa kushika silaha yoyote. Katika kisiwa cha Okinawa, Mei 1945, aliwateremsha majeruhi mmoja baada ya mwingine kutoka juu ya genge huku mapigano yakiendelea. Wanahesabiwa kuwa kama 75. Mwezi Oktoba mwaka huo alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Hakuamua hivyo kwa woga. Historia yake inatuzuia kudhani kwamba asiye na silaha hawezi kuwalinda wengine.

Kwa hiyo tumjibu nini yule mwenye duka? Tumwambie kwamba Maandiko hayamfungi asilinde uhai, wala hayamlazimishi kumiliki silaha. Tumwambie azibe ukuta wake kwanza, aombe, azungumze na mke wake, aichunguze hasira yake. Akifika mwisho wa hayo yote na bado anaona haja, aifuate sheria, ajifunze, afunge kisanduku, na kila jioni aombe kwamba bastola ile izeeke bila kufyatuliwa. Na asimsahau Bwana anayelinda mji. Bastola haiwezi kukaa macho usiku kucha.

Maswali ya Kujadili

1. Katika mtaa wenu, ni hatua zipi za ulinzi ambazo washiriki wa kanisa wanaweza kuzichukua kwa pamoja, ili mjane asijione hana msaada ila silaha?

2. Je, shemasi anayelinda zaka na sadaka anaweza kubeba bastola ndani ya nyumba ya ibada? Toeni sababu za pande zote mbili kabla ya kuamua.

3. Mshiriki mwenye leseni anajulikana kwa hasira. Ni nani anayepaswa kwenda kuzungumza naye, na aanze kwa maneno gani?

4. Kijana wa kanisani kwenu amekamatwa akiiba, na watu wameanza kukusanyika. Warumi 12:17–21 inawataka mfanye nini katika dakika hizo?